Vilima Nyuma ya Ua

Penseli yake aliichonga kwa wembe, kamwe si kwa kichongeo. Aliishika kama mpishi ashikavyo kiazi kipya, akaizungusha penseli yenyewe na kuuacha wembe umetulia, na maganda membamba ya mti yakaangukia kwenye kiganja chake cha kushoto, kwa kuwa hakupenda kuchafua sakafu ya maabara ambayo wanafunzi walikuwa wameideki alfajiri kwa maji ya baridi ya Iringa. Ncha ikishatokeza, aliijaribu juu ya ukucha wa kidole gumba. Ikiteleza, bado; ikinasa, tayari. Hapo ndipo alipoinua uso na kututazama, nasi tukajua kwamba somo limeanza.

Tulimwita Madam. Walimu wote wa kike waliitwa hivyo katika shule yetu, na kwa kawaida mtu alilazimika kuongeza somo ili aeleweke: Madam wa Jiografia, Madam wa Kiingereza. Yeye aliyefundisha Baiolojia hakuhitaji nyongeza. Ukisema Madam peke yake, kila mtu, hata mpishi na mlinzi wa lango, alijua unamsema nani. Alizaliwa wapi na wa ukoo gani, sikupata kujua, na katika miaka yote niliyomfahamu haikunijia kumwuliza. Ninachoweza kukitolea ushahidi ni mikono yake, macho yake na maneno yake. Na ninaandika haya ili nimweke pale alipotaka sisi tukiweke kila kitu, yaani mahali pake halisi. Msomaji ataona baadaye kwamba hilo moja sitaweza kulitimiza kikamilifu, na kwa nini.

Somo lake la kwanza kwetu lilikuwa ua la haibiskasi lililochumwa kwenye uzio wa bweni la wasichana. Aliliweka ndani ya kopo la maji juu ya meza, akasema neno moja: "Chora." Tulichora. Tulikuwa Kidato cha Kwanza, tunaogopa kukosea, na wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuliona ua hilo katika kitabu. Alipozikusanya karatasi alizitandaza mezani, akazikagua moja baada ya nyingine bila kusema lolote, kisha akalinyanyua ua lenyewe na kulishika dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Petali moja imetobolewa na mdudu," alisema. "Tundu liko wapi?"

Hakuna aliyelichora. Msichana mmoja wa mbele alijikaza akajibu, "Madam, tulidhani lile tundu ni kosa."

"Kosa la nani? La mdudu?"

Darasa zima lilicheka. Yeye hakucheka. Alingoja kicheko kiishe chenyewe, kisha akasema kwa sauti ile ile ya chini: "Mdudu alikuwa na njaa. Nyinyi mmenichorea ua la kitabuni, na mimi nimewapa ua la uzioni. Rudieni. Safari hii mchore na njaa yake."

Kanuni za uchoraji wa kibaiolojia alizifundisha kwa ukali usio na msamaha. Mstari uwe mmoja, usiokatika. Kivuli marufuku. Rangi marufuku. Mistari ya majina ipigwe kwa rula na isipishane. Mwanafunzi aliyepapasapapasa mstari kwa viharusi vifupi vifupi aliambiwa, "Mstari ni kauli. Wewe unanitolea ushahidi huku unatetemeka, kwa nini nikuamini?" Aliyetumia penseli butu aliambiwa kwamba huo ni ulimi wa mlevi: unasema mengi, na hakuna linaloshikika. Kilichomkasirisha kuliko vyote ni uzuri wa kubuni. Kuna mvulana aliyekuwa na kipaji, ambaye aliongeza jani moja upande wa kushoto ili mche usionekane umeinama. Madam alimpa sifuri, akamwita mbele, akamwambia kwa upole uliouma kuliko kiboko: "Mwanangu, una mkono mzuri. Usiufundishe kusema uongo. Mkono ukishajifunza, wewe mwenyewe hutajua tena unachokiona."

Ninayanukuu maneno hayo kama alivyoyasema, kwa sababu yatamrudia.

Mwisho wa Kidato cha Pili tuligawanywa, kama ilivyo desturi ya shule zetu: huku sayansi, kule sanaa, au arts, kama tulivyosema sote. Mimi nilipelekwa arts. Sikuonewa, hesabu zangu zilikuwa dhaifu. Lakini mgawanyo ule ulikuwa na fedheha yake, maana wale wa maabara walitutazama sisi wa Historia na Kiswahili kama watu waliotumwa kuchota maji wakati wenzao wanakula. Katika wiki zile za kwanza, alasiri moja, Madam alisimama kwenye mlango wa darasa letu akiwa na beseni la mashina ya mahindi.

"Tokeni nje na penseli."

Kiranja wetu alisimama. "Madam, sisi ni arts."

"Nimewasikia. Nani aliwaambia macho ni ya mchepuo wa sayansi?"

Tukatoka. Kuanzia siku hiyo, kila alipokuwa na nafasi, alituchukua sisi wa arts kuchora pamoja na wa sayansi, na mkuu wa shule, ambaye hakupenda jambo lisilo kwenye ratiba, alichoka kumzuia. Hata baada ya miaka mingi, nilipokuwa nimekwisha kuwa mwalimu wa fasihi katika chuo kimoja mjini Mbeya na mvi zimeanza kuingia, hakuniita kwa jina. Aliniita Mtoto wa Arts.

Mshindani wake mkubwa katika jambo hili alikuwa mwalimu wa Fizikia, Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ya kengele, aliyempenda kama dada na kumchokoza kila siku wakati wa chai. Ofisi ya walimu ilikuwa na dirisha lililoelekea uwanjani, nasi tuliotumwa kupeleka madaftari tuliwasikia.

"Madam, wewe ungepewa Hisabati ungeipaka namba tisa rangi."

"Na wewe siku ya harusi yako nasikia ulimpima bibi harusi kwa rula."

"Nilimpima, ndiyo! Ndiyo maana ndoa imesimama wima. Lakini niambie kweli. Hiyo michoro ni sayansi au ni mapambo? Maana ukweli wa mmea uko kwenye seli, haupo kwenye mkono wa mchoraji."

Siku hiyo hakumjibu kwa utani. Alisema, nami nilichelewa makusudi mlangoni ili nisikie, kwamba mwanasayansi na mchoraji ni watu wa nyumba moja, wanaachana tu wakifika njia panda. Wote wawili hukaa na kitu mpaka kitu kichoke kujificha. Wanapoachana ni hapa: sayansi humtaka mwakilishi, mmea wowote wa aina fulani, unaoweza kuchukua nafasi ya wenzake wote; mchoro humtaka huyu, aliyeota hapa, akatobolewa na mdudu wa hapa. "Wewe unasema moja ni kweli na ya pili ni pambo," alisema. "Mimi nasema ukijua ukoo wa mtu bila kumjua mtu, hujamjua. Na ukimjua mtu bila ukoo wake, hujamjua vilevile."

"Haya bwana," alisema mwalimu wa Fizikia. "Chai inapoa, na hiyo ni sayansi."

Sasa nifike kwenye vilima. Michoro aliyoifanya kwa ajili ya darasa ilitii kanuni zote. Lakini alikuwa na michoro mingine, ya nyumbani, aliyoichora kwa rangi za maji siku za likizo, akiwa amepanda basi kutoka Iringa, akapita Mafinga na Makambako, akaenda hadi nyanda za juu upande wa Kitulo, ambako mvua za kwanza huotesha okidi katika majani mafupi ya milimani. Katika michoro hiyo ua lilikuwa mbele, limechorwa kwa usahihi ambao mtahini yeyote angeukubali. Na nyuma yake, kwa rangi hafifu ya maji yaliyochanganywa na buluu kidogo, kulikuwa na mstari wa vilima. Ulikuwa mstari wa vilima vile vile vilivyoonekana kutoka pale ua lilipoota: kila nundu, kila pengo, kila mteremko. Mwalimu wa Fizikia alipoona mmoja wa michoro hiyo alisema, "Madam, mtahini hatafuti kijiji cha mmea." Naye akamjibu, "Mmea hauoti kwenye karatasi nyeupe."

Alikuwa mtu wa mambo mengi yanayopingana, na singependa kumsafisha kupita kiasi. Aliyafahamu maua kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua, lakini sebuleni kwake palikuwa na maua ya plastiki, mekundu yasiyo na haya, ndani ya chupa ya kijani. Nilipomwuliza, alisema, "Hayo hayanidai chochote. Nikiyatazama napumzika." Alitudai ukweli wa kila mstari, lakini chumvi aliitia kwa kukisia, na mboga zake mara nyingi hazikulika. Alidai subira, lakini foleni ya benki ilimshinda. Aliwahi kuondoka bila kuchukua pensheni yake kwa sababu mtu mmoja alimpita mbele. Na kanisani aliimba kwa sauti kubwa isiyopatana na kwaya, macho ameyafumba, bila kujali watu walioinamisha vichwa kuficha kicheko.

Alipostaafu alihamia Mbeya, akanunua nyumba ndogo upande wa Uyole, kwa sababu moja tu: kutoka hapo, gari za kwenda milimani hazikuwa mbali. Alipanda huko kila msimu wa mvua akiwa na koti la mpira, chupa ya chai na kibao cha kuchorea. Ni katika miaka hiyo ndipo biashara ya viazi vya okidi ilipokuwa imekolea. Okidi za milimani zina viazi vidogo chini ya ardhi; huchimbwa, hukaushwa, husafirishwa kupitia Tunduma hadi Zambia, ambako watu huvisaga na kuvipika pamoja na karanga wakapata kitoweo kiitwacho chikanda. Anayechimba humaliza mche mzima, maana kiazi kikitoka hakuna kinachobaki. Ndani ya hifadhi kuna askari. Nje yake, kwenye miteremko ya malisho ya vijiji, hakuna.

Ofisi moja ya uhifadhi ilimwomba mchoro kwa ajili ya bango la kuwaelimisha wananchi. Alifurahi kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akifurahi. Aliona kwamba hatimaye mchoro wake ungefanya kazi ya sayansi hadharani. Aliwapa mchoro wake bora kuliko yote: okidi ndogo ya rangi ya kijani-manjano, yenye madoa ya zambarau kwenye mdomo wa ua, aliyoiona katika sehemu chache sana, na mahali ilipojaa zaidi ni mteremko mmoja ulio nje ya hifadhi. Bango lilichapishwa kwa rangi, likabandikwa katika ofisi za watendaji wa vijiji na kwenye zahanati. Chini yake yaliandikwa maneno makubwa: tulitunze ua hili. Hakuna aliyeufuta mstari wa vilima. Ulikuwa mzuri mno kufutwa.

Msimu uliofuata aliniomba nimsindikize kwenye mteremko ule, kwa kuwa magoti yalikuwa yameanza kumsumbua. Tulifika kabla ya adhuhuri, ukungu ukiwa bado unajikusanya na kutawanyika. Nilichokiona kwanza nilidhani ni kazi ya nguruwe pori. Mteremko mzima ulikuwa na mashimo, madogo na nadhifu, kila moja na kifusi chake kando. Madam alisimama. Chini kidogo kulikuwa na mama mmoja wa makamo, kanga mbili kiunoni, jembe dogo mkononi, ndoo pembeni yake.

"Habari za kazi, mama," Madam alimsalimia.

"Njema tu, mama. Mmepotea njia?"

"Hatujapotea. Tulikuja kuona maua."

"Aa, maua ya hapa mmechelewa. Yamekwisha. Na mimi naokotaokota tu vilivyoachwa na wenzangu." Aliinamisha ndoo tuone, chini kulikuwa na viazi vichache vyenye udongo.

"Zamani hamkuwa mnachimba huku."

"Zamani tulikuwa hatupajui, mama. Nani angepanda huku kote? Ni ile picha ya kwa mtendaji. Umeiona? Mtu kachora, we acha! Tulipoiangalia tukasema, hiki kilima chenye nundu, na hili pengo, si kule juu kwenye malisho ya zamani? Mume wangu akasema, ukisimama mahali ambapo nundu inaingia kwenye pengo, ndipo hapo hapo. Tukaja. Na kweli, ilikuwa ndipo hapo hapo."

"Na maneno ya chini ya picha?"

Mama yule alifuta mkono kwenye kanga. Hakuwa na haya, wala hakuwa na ubishi. "Tuliyasoma. Yanasema tutunze. Ni maneno mazuri. Ila ada za watoto nazo zinasema tutunze." Kisha, akiona labda kwamba mgeni wake amebadilika uso, aliongeza kwa kumtuliza: "Lakini yule aliyechora, mama, anapajua kweli. Mungu amtunzie macho yake."

"Amina," alisema Madam.

Tulishuka. Nilitaka kumwambia kwamba kosa halikuwa lake, lakini kila sentensi niliyoijenga kichwani ilionekana imechorwa kwa penseli butu. Watu wengine wangelisoma bango lile kama bango. Watu wa milima ile, waliozaliwa wakichunga katika ukungu na kurudi nyumbani kwa kupanga nundu na pengo, waliusoma mstari wa vilima kwanza, kwa sababu ndio maandishi yao ya siku zote. Madam alikuwa amewaandikia katika lugha yao bila kukusudia.

Baada ya hapo hakuchora kwa mwaka mzima. Kisha nilipomtembelea Uyole siku moja, nilikuta mchoro mpya umeegemezwa kando ya maua yake ya plastiki. Ilikuwa okidi nyingine ya milimani, sahihi hadi kwenye vinyweleo vya jani. Nyuma yake vilima vilikuwepo, lakini havikuwa vya huko. Nilivitazama kwa muda.

"Madam, huu mwamba ni wa Iringa. Uko juu ya mji."

"Umeuona."

"Na okidi hii haioti Iringa."

"Haioti."

Alimimina chai. Nikasema kwa adabu niliyoweza, kwamba yeye ndiye aliyetufundisha tusichore kisichokuwepo.

"Ndiyo. Na yule mvulana nilimpa sifuri kwa jani moja." Aliikoroga sukari ndani ya kikombe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Nyumba yenye kitu cha thamani huwekewa mlinzi. Mlinzi wangu ni mwongo, lakini ndani ya nyumba hamna uongo. Ua ni kama lilivyo." Kisha akasema kwa sauti iliyopungua: "Hivi ndivyo ninavyojiambia, Mtoto wa Arts. Sijui kama nimejishawishi."

Sidhani alijishawishi. Michoro ya vilima vya uongo hakuweka jina lake chini yake, hata mmoja. Mstari wenyewe ulikuwa umebadilika: haukuwa tena kauli moja isiyokatika, bali ulikuwa na kusitasita kule alikotukataza. Huenda mkono wake ulikuwa ukijifunza jambo ambalo jicho lilikuwa likilikataa.

Ni siku hiyo pia aliponiambia kwamba okidi ile ya kijani-manjano haikutoweka kabisa. Kulikuwa na mahali pengine, mbali na mteremko ule, ambapo alikuwa ameipata miaka ya nyuma na hakuwahi kumwonyesha mtu. Miche haikuwa mingi. Alikuwa akienda kila msimu kuhakikisha, kisha akirudi na kukaa kimya.

Mtafiti mmoja kijana alisikia fununu, akaja kwake akiwa na adabu zote na simu yenye kuonyesha mahali kwa namba. Nilikuwepo. Madam alimkirimu, akamweleza kuhusu majani machanga ya okidi ile, jinsi ua lake linavyofunguka na mdudu anayelizuru, mambo ambayo kijana aliyapokea kwa shukrani ya kweli. Alipoomba mahali, Madam alitikisa kichwa.

"Nitaitunza kama siri, Madam. Itabaki kwenye kumbukumbu za utafiti tu."

"Mwanangu, nakuamini. Siiamini karatasi. Siri ikishaandikwa, ni picha ya kwa mtendaji."

"Lakini pasipo ushahidi, kisayansi ni kama haipo. Na isipojulikana ilipo, hatuwezi hata kuomba ilindwe."

"Najua," alisema. "Usidhani sijui." Na ilikuwa dhahiri kwamba jibu lile lilimuuma yeye kuliko kijana, maana alikuwa akiusaliti upande mmoja wa nafsi yake ili kuulinda mwingine.

Kisha macho yakaanza. Hospitalini walimwambia ni presha ya macho, na kwamba sehemu iliyokwisha kupotea haitarudi. Kuona kwake kulipungua kutoka pembeni kuelekea katikati, kama mtu anayetazama kupitia bomba linalozidi kuwa jembamba. Msimu wa mwisho aliopanda mlimani aliongozwa na mkongojo na mazoea. Aliporudi nilimwuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba kwa muda mrefu.

"Na msimu ujao, Madam? Ukishindwa kupanda, atajua nani?"

Hakunijibu siku ile, wala siku nyingine nyingi zilizofuata. Nilielewa kinachopimwa. Akimwambia mtu, anaweza kuliua ua lile mara ya pili. Asipomwambia mtu, litabaki pale peke yake, bila shahidi, na siku mtu akilima au akichoma malisho, hakuna atakayejua kwamba kuna kitu kilichokufa. Kwa mtu aliyeishi kwa kuamini kwamba kukiona kitu ni kukitendea haki, hilo la pili halikuwa dogo.

Asubuhi moja ya Novemba aliniita. Nilimkuta jikoni, amevaa sweta mbili, sinia kubwa mbele yake mezani na unga wa ngano umetandazwa juu yake kwa ajili ya chapati. Aliusawazisha unga kwa ubavu wa mkono mpaka ukawa kama karatasi.

"Kaa upande wangu huu," alisema. "Usiandike. Usipige picha. Utatazama mara moja, na utatazame vizuri."

Akaweka kidole cha shahada juu ya unga na kuuvuta mstari. Mkono uliokuwa ukisitasita kwa miaka haukusita. Mstari ulipanda, ukatulia, ukaanguka ghafla, ukapanda tena polepole, ukafanya bega, ukashuka hadi ukingo wa sinia: mmoja, usiokatika. Aliniambia mahali pa kushuka garini, upande wa kusimama, na saa ambayo ukungu huondoka. Nilitazama kama nilivyotazama ua la haibiskasi nikiwa mtoto, mara hii nikitafuta tundu la mdudu. Alipohisi nimekwisha kutazama, alimimina maji ya vuguvugu katikati ya vilima, akakusanya unga kutoka pembeni, akaanza kukanda.

Tulikula chapati zile kwa chai. Hazikuwa na chumvi.

Nilipanda mvua zilipokolea. Nilitembea na kusimama, nikatembea na kusimama, nikingoja ukungu upungue, mpaka mahali ambapo nilichokiona kwa mbali kilikaa sawa juu ya nilichokikumbuka. Nikainama. Sitasema zaidi ya hayo.

Nilipokwenda Uyole kumpasha habari, alikuwa amekwisha kupoteza hata ile nafasi ndogo ya katikati. Alikuwa ameketi karibu na dirisha ambalo halikumfaa tena kitu, mikono juu ya magoti. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza neno moja tu: "Yapo?"

"Yapo, Madam."

Alivuta pumzi, akaitoa polepole. Kisha akasema, "Vilima vikoje?"

Nilianza kumweleza, nikaona maneno hayatoshi. Miaka yote ya kufundisha fasihi hayakuwahi kunipungukia namna ile. Nikaenda jikoni, nikachukua sinia, nikamimina unga na kuusawazisha kwa ubavu wa mkono, nikachora. Kisha nikalileta sinia magotini pake, nikachukua kidole chake cha shahada na kukiweka mwanzoni mwa mstari, upande wa kushoto.

Kidole kilianza kwenda. Kilipanda, kikatulia, kikaanguka. Uso wake ulikuwa ule wa maabara, wakati alipokuwa akizipitia karatasi zetu bila kusema lolote, na mimi, mtu mzima mwenye wanafunzi wangu, nikajikuta ninangoja alama. Kidole kikapanda tena polepole. Kilipofika begani kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo, kikapapasa, kikasimama tena.

"Hapa uliharakisha," alisema.

Akauchora upya, juu ya wangu, kama ulivyo. Kisha akanyoosha mkono kuomba maji ya kukandia.